Majina Ishirini na Mawili

Mwalimu Edilberto Yucra alipanda kilima cha Machuqolqa Alhamisi saa kumi na moja jioni, akiwa na kifurushi cha chakula kisichokuwa chake na hasira iliyokuwa yake kabisa.

Kifurushi kilikuwa na viazi vilivyokaushwa kwa baridi, mahindi ya kuchemsha, chupa ndogo ya pombe ya mahindi na majani matatu ya koka, mazima, yasiyo na tundu. Vyote alivitayarisha na kuvifunga Mama Paulina Ccoyo, mwenyekiti wa akina mama wa kijiji cha Wayllapata. Alivikabidhi mlangoni pa shule mbele za watu, kwa sauti ya kumkabidhi mtoto asiyeaminika.

"Havina chumvi. Wazee wa kule hawali chumvi. Wala usionje njiani, Mwalimu. Mdomo wako tunaujua."

Mambo yalianzia kwenye kikao cha wazazi. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni mpango mzima wa ziara: kuondoka saa moja asubuhi Ijumaa, mayai mawili kila mtoto, daftari, kamba ya kupimia kuta, kurudi saa nane. Watoto ishirini na watatu wa darasa la nne wangeyaona kwa macho yao maghala ya Wainka, yale ambayo wangekuja kuyasoma kitabuni wakiwa wakubwa, kana kwamba yako nchi nyingine. Ulikuwa mpango mzuri. Kilichobaki ni saini za wazazi.

"Ijumaa hapana," alisema Mama Paulina. "Wala Jumanne, ni siku mbaya kule. Na siku nyingine yoyote, si kabla hatujaomba ruhusa."

"Kwa nani, mama? Serikali imeshanipa."

"Serikali inalala kule?"

Wazazi walicheka. Mwalimu akatabasamu lile tabasamu lake la Cusco, alilorudi nalo kutoka chuo cha mjini pamoja na cheti.

"Mama Paulina, nisikilize polepole. Yale ni maghala. Walihifadhia mahindi. Yaani ni stoo. Kijiji kizima mnaogopa stoo!"

"Stoo ina wenyewe."

"Wenyewe walikufa miaka mia tano iliyopita."

"Ndiyo," alisema Mama Paulina. "Hao hao."

Mwishowe walikubaliana. Mwalimu angepanda peke yake siku moja kabla, aweke chakula mbele ya ghala la kwanza, apulizie majani ya koka, aombe ruhusa kwa kinywa chake. Akirudi, watatia saini. Aliitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto anayetaka taa iachwe ikiwaka.

Na sasa alikuwa njiani, upepo ukimkata masikio, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

Alikaa juu ya jiwe. Akafungua kifurushi.

"Wafu hawana meno," alisema kwa sauti, akajichekea. Mfukoni alikuwa na karatasi ya chumvi aliyobakiza kwenye mayai ya asubuhi. Akanyunyiza. Akala viazi, akala mahindi, akashushia na pombe yote bila kumwaga hata tone la ardhi, jambo ambalo hata mlevi wa Wayllapata halifanyi. Majani ya koka akayaachia upepo.

Angerudi na kuwaambia ameomba ruhusa. Nani angejua?

Alipofika juu, jua lilikuwa limegusa mlima wa ng'ambo. Maghala sita yalisimama mstari mmoja ukingoni, ya mawe, hayana paa, kila moja na mlango mwembamba mweusi. Alitaka kupima tu nafasi ya watoto kupita kisha ashuke.

Juu ya ukuta wa ghala la kwanza aliketi Mzee Melquíades, mlinzi wa magofu, ndani ya koti lake la kazi la rangi ya kijani. Jua lilikuwa nyuma yake, uso hauonekani vizuri.

"Mzee Melquíades! Hujafunga kazi tu?"

"Kazi yangu haifungwi. Umeniletea nini?"

"Sina kitu, mzee."

"Hmm." Mzee alinusa hewa, mara moja, kama mbwa. "Unanuka chumvi."

Mwalimu akafuta midomo. Palikuwa na harufu pale, harufu ya shimo la viazi lililofunikwa miaka mingi. Akaona ametoka jasho, na huku kuna baridi ya kuganda. Pumzi yake mwenyewe ilitoka kinywani kama moshi.

Ya mzee haikutoka.

Hilo aliliona, akaliweka kando. Mtu aliyesoma huweka kando mambo mengi.

"Kesho naleta wanafunzi," alisema. "Nimekuja kuangalia njia."

"Wangapi?"

"Ishirini na watatu."

"Akina nani?"

"Darasa langu lote."

Mzee akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Lote. Kondoo nao huitwa hivyo, kundi lote. Mchungaji wa kweli anamjua kila mmoja. Ninyi walimu wa siku hizi bila karatasi hamjui hata mnayemfundisha ni nani. Mnasoma jina, mnaweka alama, basi. Kazi ya kuku anayedonoa."

Maneno yale yalimchoma mahali penyewe. Kama kuna kitu Edilberto Yucra alijivunia, ni kwamba hajawahi kuisoma orodha ya darasa lake. Aliijua kichwani, kwa mpangilio wa herufi, mwanzo hadi mwisho.

"Karatasi ya nini, mzee? Sikiliza basi."

Ni lazima isemwe hapa kile ambacho kila mtu wa Wayllapata anakijua, na ambacho Mwalimu alikijua kabla ya kuijua alfabeti. Mtoto akianguka au akishtuka mahali, roho yake huweza kubaki pale. Basi mama hurudi mahali hapo jua linapozama, akaitikisa kofia ya mtoto, akaita jina lake. Roho husikia jina, huinuka, huifuata sauti hadi nyumbani. Ndiyo maana Machuqolqa, jioni, hakuna anayetaja jina la mtoto. Mama anayepita pale na mwanawe humwita "wewe mdogo," basi. Kwa maana roho huja inakoitwa, hata kama ilikuwa imetulia nyumbani.

Edilberto mwenyewe aliwahi kuitiwa roho yake na mama yake, akiwa na miaka sita. Aliyakumbuka yale. Aliyaita mambo ya kale.

Akasimama wima, kifua mbele.

"Achahui, Rosmery!"

"Achahui, Rosmery," mzee alirudia taratibu, kama anayeonja.

"Ccoyo, Wilfredo! Choque, Maruja! Huallpa, Dina!"

Sauti yake iligonga mawe ikamrudia. Alifurahia. Kumi. Kumi na tano. Mzee alirudia kila jina, na kila jina lilipotoka kinywani mwake lilikuwa dogo zaidi.

Jua likazama.

"Ttito, Abelardo!"

"Nipo, Mwalimu."

Mwalimu akaigeukia milango.

Sauti ilitoka ndani ya ghala la tatu. Sauti ya mtoto. Ya Abelardo, yenye kile kikohozi chake...

"Umechoka?" aliuliza mzee. "Au umesahau?"

Ulimi wa Mwalimu ukaenda wenyewe, kwa mazoea.

"Vilca... Nolberta."

"Nipo, Mwalimu."

Ghala la kwanza. Hatua nne kutoka miguu yake. Kisha katika milango yote sita, chini chini, kama darasa linalosubiri, akasikia watoto wakipumua.

Ishirini na wawili walikuwa wametajwa. Alibaki mmoja, wa mwisho kwenye orodha. Yucra, Luz Nayda. Binti yake mwenyewe, miaka tisa, kila alichobakiwa nacho tangu mkewe afariki.

"Bado mmoja," alinong'ona mzee.

Mwalimu alifunga mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Bado mmoja, Mwalimu."

Akageuka, akakimbia.

* * *

Mzee Melquíades ndiye aliyemfungulia lango la kijiji. Alikuwa ndiyo kwanza ashuke kwenye lori kutoka sokoni Calca, alikokwenda tangu alfajiri, na bado alikuwa amekumbatia debe la mafuta ya taa. Pumzi yake ilitoka kama moshi. Mwalimu alimtazama mdomo tu, hakuitikia salamu.

Usiku ule, kwa aibu, aliwaambia wazazi ameomba ruhusa na imetolewa. Alisema hivyo! Wakatia saini.

Asubuhi, uani shuleni, alikuja mtoto mmoja. Luz Nayda alisimama na mayai yake mawili na kamba ya kupimia, akiangalia barabara.

"Baba, wenzangu wako wapi?"

Wenzake walikuwa vitandani. Hawakuwa na homa. Macho yalikuwa wazi, miili imelegea, na ukimwinua mtoto mkono unaanguka kama nguo. Walimeza maji wakipewa. Hawakumjua mtu.

Mama Paulina alifika saa tatu, akina mama wote nyuma yake. Wilfredo alikuwa mjukuu wake. Hakupiga kelele.

"Uliweka chakula?"

Mwalimu akafuta midomo.

"Ulikila. Kwa chumvi?"

"Mama Paulina..."

"Kisha ukawaita. Majina yao, kule, jua likizama. Niambie kama nimekosea."

"Nilidhani ni Melquíades. Alinitania kwamba siwajui wanafunzi wangu. Sikuyaamini mambo haya, mama, nilikuwa..."

"Huyu je?" Mama Paulina alimwonyesha Luz Nayda, aliyekuwa akiruka kamba ya kupimia peke yake katikati ya uwanja. "Huyu mbona anacheza?"

Kamba ilipiga ardhi, ta, ta, ta.

"Watoto wetu ulipowataja hukuamini," alisema Mama Paulina. "Ulipofika kwa wako, ukaamini. Kumbe imani unayo, Edilberto. Unaiweka akiba ya nyumbani tu."

Akatema mate pembeni ya kiatu chake.

"Nilikubeba mgongoni mimi, mama yako akiwa shambani. Ningejua, ningekuangusha."

Kisha wakaanza kuweka kofia mbele yake, moja moja, kofia za sufu zenye masikio, nyingine bado na joto la kichwa. Ishirini na mbili.

"Utapanda wewe. Sauti iliyowaita ndiyo watakayoifuata. Sisi wakitusikia hawatageuka."

* * *

Ijumaa jioni, maghala sita, milango sita. Ukutani hapakuwa na mtu. Harufu ilikuwepo.

Alimwaga pombe. Aliweka chakula kisicho na chumvi, wala hakukigusa. Akachukua kofia ya kwanza, akaitikisa.

"Achahui, Rosmery. Twende nyumbani. Usibaki hapo. Mama anakungoja."

Mawe madogo yakasogea ndani ya giza la ghala, kama miguu.

"Nipo, Mwalimu."

Na kofia ikawa nzito mkononi. Nzito kama ndege aliyelala.

Akaiweka kifuani, akachukua ya pili. Aliita mpaka koo likakauka. Kila jina liliitikia, kila kofia ikapata uzito wake. Alipoita Vilca Nolberta alikuwa analia kama yeye ndiye mtoto. Akakusanya kofia zote ndani ya ponjo, vazi lake la sufu la mabegani, akageuka ashuke.

Miguu ilikataa.

"Umehesabu vibaya," ilisema sauti nyuma ya shingo yake. Harufu ya viazi vya shimoni ilimwingia puani. "Uliniahidi ishirini na watatu. Unachukua zote, unaacha nini?"

"Chakula nimeleta."

"Cha jana ulikula. Cha leo kimechelewa siku moja, hakilipi deni. Taja wa mwisho, mwalimu mzuri. Yucra..."

Kofia zilianza kuwa nyepesi. Moja. Nyingine.

"Yucra!" alipiga kelele. Akafumba macho. "Yucra, Edilberto!"

Akazikumbatia kofia.

Kisha akasikia kicheko kile kikavu, cha dharau, kama cha mnunuzi aliyeonyeshwa kondoo mgonjwa.

"Huyu? Kakomaa, mgumu, chumvi tupu mpaka kwenye mifupa." Kitu kilimgusa utosini, kikaitwaa kofia yake mwenyewe. "Haya. Tutaona kama atatutosha."

Miguu ikafunguka.

Kijijini, akina mama walikuwa wakingoja na taa. Kila mmoja alichukua kofia yake bila kumshukuru, akakimbia nayo nyumbani, akamvisha mtoto. Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya shule akasikiliza. Kilio kikaanza nyumba ya Achahui, kisha kwa Huallpa, kwa Ttito, kijiji kizima: watoto wanaomba maji, wanaomba supu, wanalalamika kofia zinawasha.

Ziara ilifutwa. Katika fomu ya wilaya, kwenye nafasi ya sababu, aliandika: mvua.

Tangu siku ile Mwalimu anafundisha vizuri kuliko zamani, kwa sauti ya chini, na hamcheki mtu. Amekonda mpaka mkanda unamzunguka mara mbili. Kila siku jua linapozama nyuma ya mlima, awe anakula au anasahihisha madaftari, hukatiza alichokuwa akifanya, huinua mkono kama mwanafunzi, akasema: "Nipo." Mtu mwingine hasikii anachokiitikia. Wanakijiji wamezoea, na wengine humwigiza wakiwa dukani, wanacheka.

Jumanne iliyopita alikuwa jikoni akimenya viazi na Luz Nayda. Mwanga dirishani ukawa mwekundu, kisha ukaisha. Mwalimu akaweka kisu chini, akainua mkono.

Luz Nayda aliinua kichwa kama aliyeitwa, akamshika kifundo cha mkono, akaushusha polepole hadi mezani.

"Hapana, Baba," alisema. "Leo hajakuita wewe."