Posa ya Marhoon

“Umekuja kwangu kama mteja, au umekuja kama nani?” Mahfoudha aliuliza, bila ya kumwonyesha kiti.

Thabit alibaki pale mlangoni. Chumba kilikuwa juu ya duka la vitambaa la ami yake Mahfoudha, huko Matrah, bandari ya Maskati, na kelele za soko zilipanda ngazi pamoja na harufu ya ndimu kavu.

“Kama mteja,” alisema. “Hilo jengine sina uso wa kulisema.”

“Basi kaa.”

Akakaa. Miaka sita ilikuwa imepita tangu waachane, na hawakuachana kwa ugomvi. Mwaka 1964 Mahfoudha alikuwa London akimalizia sheria, na Thabit yuko Unguja kwenye biashara ya karafuu ya baba yake. Harusi ilikuwa imeshapangwa. Mapinduzi yalipokuja, nyumba ikenda, duka likenda, baba akafa, na Thabit akatokea Dubai na kanzu moja. Kutoka huko akapiga simu ya maandishi: USINISUBIRI. SINA KITU. NAKUACHIA UHURU WAKO. Mahfoudha aliisoma mlangoni kwa mwenye nyumba wake, koti bado limerowa mvua.

Baada ya hapo akala kiapo cha uwakili, akaingia ofisi ya mawakili wa biashara. Walowezi wa Rhodesia walipojitwalia serikali na dunia ikawawekea vikwazo, kesi za shehena zilizozuiliwa zikawa ndio chakula chake. Mwaka huu wa 1970, Oman ilipowafungulia mlango watoto wake waliotawanyika Afrika, akaja Maskati kwa ami yake Bakhit, akatundika kibao cha uwakili. Watu wengi walipanda ngazi kuja kukiangalia kibao. Wenye kesi walikuwa wachache.

“Sema,” alisema.

“Tumbaku yangu imezuiliwa forodhani. Wanasema ni ya Rhodesia, na nchi hii inataka kukaa pamoja na mataifa, haitaki kuguswa na uchafu huo. Wallahi ni ya Malawi. Nimeinunua mwenyewe mnadani Limbe. Imepitia Beira, bandari wanayopitishia hata Rhodesia, kwa sababu Malawi haina bahari.”

“Nani kasema ni ya Rhodesia?”

“Hawamtaji. Wanasema kuna mtu mwaminifu kaiona kwa macho yake. Wiki ijayo itachomwa moto. Na karatasi zangu za uraia zimesimamishwa, Mahfoudha. Nikishindwa, nnatolewa nchini.”

“Wamekuita ukajieleza?”

“Hapana.”

“Wamekuhukumu bila ya kukuskiza.”

“Ndiyo.”

“Inauma, siyo?”

Thabit aliinua macho, akafahamu.

“Nilikuwa nnalala msikitini, mtaa wa Dera, kule Dubai. Nilifanya kazi ya kubeba magunia. Wewe ulikuwa unakaribia kuwa mtu mkubwa. Nilidhani nnakuhurumia.”

“Ungeniuliza, ningekwambia nnakuja. Dubai, msikitini, popote. Hukuniuliza.” Akavuta daftari, akashika kalamu. “Ulioa?”

“Sikuoa. Lakini hilo halimo kwenye kesi.”

“Kilichomo kwenye kesi nnakijua mimi,” alisema Mahfoudha. “Nenda. Nitakusimamia.”

Nyumbani, ami Bakhit aliipokea habari hiyo na kikombe cha kahawa mkononi, na kikombe hakikufika mdomoni. Yeye ndiye aliyemlea Mahfoudha tangu baba yake alipofariki, na ndiye aliyeuza shamba lake la Bububu ili msichana asome.

“Thabit yule yule?”

“Yule yule, ami.”

“Na Marhoon nimwambie nini?”

Marhoon alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa tumbaku Matrah, mtu wa maneno laini na joho zuri. Ramadhani hii iliyokwisha alikuja kumposa Mahfoudha. Bakhit alimpenda na karibu ampe neno, ila Mahfoudha aliomba muda, na mpaka leo hajajibu.

“Mwambie nipo kazini.”

Bi Kheiria, mkewe Bakhit, alicheka huko jikoni. Bakhit hakucheka.

“Mwanangu, mimi ni mzee. Nnataka nikuone umetulia kabla sijafumba macho. Marhoon ana nyumba, ana heshima. Huyo mwengine alikutupa.”

“Nnajua, ami. Lakini kesi yake ni ya haki, na mimi sikusomea kuchagua haki ya ninayempenda na ya nisiyempenda.”

“Na huyu ni yupi kati ya hao wawili?”

Mahfoudha alichukua kikombe cha ami yake kilichopoa, akaenda kukijaza kahawa.

Asubuhi yake simu ya dukani ililia. Ilikuwa ya Mahfoudha.

“Mahfoudha, ni mimi Marhoon. Nimeskia umebeba mzigo wa Thabit.”

“Nimebeba.”

“Nnakwambia kwa mapenzi tu. Mji huu ni mdogo. Mwanamke kusimama mbele ya wanaume wa kamati ya forodha, na kwa ajili ya mchumba wake wa zamani, watu watasema.”

“Watasema nini?”

“Unajua watakachosema. Iache. Ukiwa kwangu hutahitaji kazi.”

“Bwana Marhoon,” alisema Mahfoudha, “kazi yangu siifanyi kwa kuihitaji tu. Nnaipenda.” Akaweka simu chini polepole.

Mahfoudha aliiandikia kamati ya forodha kuomba Thabit askizwe, wakampa siku. Siku hiyo Bakhit alivaa joho lake, akajifunga jambia.

“Sikubaliani na wewe,” alisema, “lakini huendi peke yako.”

Kamati ilikaa ghorofa ya juu ya forodha, wazee watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Sheikh Suud, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Wafanyabiashara walijaa kuta zote, maana habari ya wakili mwanamke ilikuwa imeenea hadi kijiji cha Qantab. Mahfoudha aliposimama na kuanza kusema, Kiarabu chake kikatoka na lafudhi ya Unguja, na huko nyuma mtu akacheka.

Akageuka. “Mwenye kuicheka lafudhi yangu na acheke. Lakini hoja yangu aijibu.”

Kicheko kikakatika.

“Sheikh, siji kuwaombea Rhodesia. Nimezifukuzia shehena zao miaka mingi huko London, na mzigo wa Thabit ukithibitika ni wa kwao, uchomeni, mimi mwenyewe nitaleta kiberiti. Lakini tunawawekea vikwazo walowezi wale kwa sababu gani? Kwa sababu wamewanyima wenye nchi haki ya kuskizwa ndani ya nchi yao. Sasa tuwaadhibu kwa kumnyima mtu wetu haki hiyo hiyo? Mwenye kumshtaki Thabit ana jina na ana uso. Nnaomba aletwe, aseme mbele yake.”

“Tumemwahidi kumsitiri,” alisema mzee wa kushoto.

“Mtu aliyeona kweli kwa macho yake ana haja gani ya kusitiriwa?”

Wazee wale wakainamiana. Walizungumza kwa muda mrefu, na Mahfoudha aliendelea kusimama. Hatimaye Sheikh Suud akaashiria mlangoni.

“Mleteni.”

Aliyeingia alikuwa Marhoon.

Nyuma yake Mahfoudha aliskia kiti cha ami yake kikikwaruza sakafu. Yeye mwenyewe akaanza kuyaunganisha mambo. Marhoon aliuza tumbaku. Thabit ndiye aliyeanza kuiuza rahisi kuliko yeye. Na Marhoon alijua vizuri Thabit alikuwa nani kwa Mahfoudha.

“Bwana Marhoon,” alianza, “tumbaku hii uliiona wapi?”

“Beira, bandarini. Niliiona ikishushwa kutoka gari la moshi la Rhodesia na kupakiwa melini.” Alisema bila ya wasiwasi.

“Lini?”

Marhoon hakuweza kubuni tarehe. Meli inajulikana ilipakia lini, na nahodha alikuwa ameshaieleza kamati. “Kumi la mwanzo la Ramadhani.”

“Ulifunga huko huko?”

“Huko huko.”

“Na Maskati ulirudi lini?”

“Baada ya Idd.”

“Katika kumi hilo la mwanzo hukuwepo Maskati hata siku moja? Hukuingia nyumba ya mtu, hukufuturu kwa mtu?”

Hapo Marhoon alifahamu anakopelekwa. Macho yake yakaenda kwa Bakhit, na Mahfoudha aliyaona yakitulia. Alikuwa na hakika na mzee yule. Mtu gani atasimama mbele ya soko zima kutoa siri ya posa ya binti yake? Na mtu gani atamwangusha mkwe anayemtaka mwenyewe?

“Hata siku moja,” alisema Marhoon.

“Sheikh Suud,” alisema Mahfoudha, “nnaomba kumwita shahidi. Yumo humu ndani. Ami yangu, Bakhit.”

Chumba kizima kiligeuka. Bakhit hakunyanyuka. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeombwa akate kidole chake.

“Mwanangu,” alisema kwa Kiswahili, taratibu, “usiniulize hapa.”

“Nnakuuliza, ami.”

“Watu watakusema.”

“Na waseme. Mimi nimeridhia.”

Mzee akamtazama. Kisha akamtazama Thabit, aliyekaa peke yake kwenye benchi na mikono juu ya magoti, hamwombi mtu kitu. Bakhit akanyanyuka, akatengeneza joho lake, akaapishwa.

“Siku ya tano ya Ramadhani,” alisema kwa Kiarabu, na sauti ilifika mpaka kwenye ngazi, “mtu huyu alifuturu kwangu. Alikaa kwenye jamvi langu mpaka karibu na tarawehe. Alikuja kumposa huyu mwanangu mnayemwona. Nilimpenda, nikataka kumpa. Wala hakuwepo Beira, labda awe ameruka kama ndege.”

Hapana aliyecheka safari hii.

“Bwana Marhoon,” alisema Sheikh Suud, “uliposa au hukuposa?”

Marhoon alifungua mdomo. Akisema hakuposa, amemwita mzee mwongo mbele ya mji mzima. Akisema aliposa, ameikana Beira.

“Niliambiwa ni ya Rhodesia,” alisema mwisho. “Sikuiona.”

“Uliambiwa na nani?”

“Na watu,” alisema Marhoon.

Kamati haikwenda mbali kushauriana. Sheikh Suud alisimama kabisa kutoa uamuzi, jambo ambalo, walisema watu baadaye, hakuwahi kulifanya. Tumbaku ya Thabit itolewe leo leo. Karatasi zake ziendelee. Na kuanzia siku hiyo, hapana mali itakayochomwa wala mtu atakayetolewa kabla ya kuitwa, kuambiwa anashtakiwa na nani, na kuskizwa.

“Ama Marhoon,” aliendelea, “leseni yake—”

“Sheikh, niwie radhi,” alisema Mahfoudha. “Naye aitwe siku yake, aje na wakili wake, askizwe.”

Sheikh Suud alimtazama, na pembe ya mdomo wake ikatikisika. “Naye askizwe,” alisema.

Chini uani, makuli walikuwa wameshaanza kuyatoa marobota, na wafanyabiashara wawili walikuwa tayari wanamuuliza Bakhit ofisi ya wakili hufunguliwa saa ngapi. Bakhit aliwajibu kwa fahari ambayo hakujaribu kuificha. Thabit alimjia mzee huyo, akaubusu mkono wake.

“Ami Bakhit, nna ombi. Nnajua sistahiki.”

“Safari hii usiniombe mimi,” alisema Bakhit. “Yule pale. Muulize.”

Thabit akamwendea Mahfoudha baina ya marobota, watu wote wakijitia hawatazami.

“Mahfoudha, sina nyumba. Nna tumbaku hii tu, na chumba cha kukodi. Nakuuliza, na jibu lolote utakalotoa nitalichukua. Utakubali nikuoe?”

Alimwacha asubiri kidogo. Baada ya miaka sita, alikuwa na haki ya dakika moja.

“Nitaendelea na kazi yangu.”

“Nani mwendawazimu atakayekukataza?”

Mahfoudha akacheka, na macho yakamjaa machozi hapo hapo. “Basi mlete kadhi kwa ami.”

Nikahi ilifungwa kabla mwaka haujesha, nyumbani kwa Bakhit. Wanaume walikaa uani, wanawake juu. Mashoga zake walimfundisha: “Shahidi akija kukuuliza, nyamaza. Akiuliza mara ya pili, nyamaza. Bi harusi huwa na haya. Mara ya tatu ndio useme, na useme kidogo.”

Shahidi akapanda, akasimama nje ya pazia.

“Ewe Mahfoudha, umeridhia kuolewa na Thabit kwa mahari mliyokubaliana, na umemwakilisha ami yako Bakhit akuozeshe?”

“Nimeridhia, na nimemwakilisha,” alisema Mahfoudha mara ile ile, kwa sauti ile ile ya kamatini, na ikashuka ngazi hadi uani.

Wanaume wakaangua kicheko. Sheikh Suud, aliyekuja kama mgeni, alitikisa kichwa. Bakhit alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Thabit alinyoosha mkono wake kumpa mzee, kadhi akaanza kusoma, na huko juu Bi Kheiria hakungoja amalize, akapiga kigelegele.