Karanga Nene Zibaki Nyumbani

Falesi NaBanda hakumenya karanga kavu hata siku moja. Alizilowesha kwanza, kama mama yake alivyofanya. Ganda likilowa, vidole haviumi. Kisha alizichagua: nene za mnunuzi, zenye ukungu za nyumbani. Hizo alizitwanga, akazitia katika uji wa Tadala kila asubuhi.

Tadala alikuwa na miaka mitatu, lakini ungemdhania wa miaka miwili. Kaka yake alikwisha kuzikwa. Falesi aliogopa kumpoteza na huyu.

Siku moja akaja jirani yake, NaPhiri, anayepima uzito wa watoto kijijini.

"Kaa umenye na wewe," Falesi alimtania. "Mdomo haumenyi karanga!"

NaPhiri akatia mkono katika beseni, akashtuka. "Mbona zimelowa?"

"Nimezilowesha. Vidole vyangu si chuma."

"Na hizi zenye ukungu, anakula nani?"

"Sisi. Mnunuzi anazikataa."

"Mnunuzi azikatae, mtoto azile? Lo, dada! Karanga safi ni chakula kizuri. Konzi moja kwa siku hujenga mwili, husaidia na moyo. Lakini zikikaa na unyevu huota ukungu wenye sumu. Sumu hiyo huharibu ini, na inaweza kumdumaza mtoto. Ukikaanga haitoki. Ukichemsha haitoki."

Falesi akaachia beseni. "Na yule niliyemzika? Naye nilimpa, NaPhiri. Kila siku!"

"Hilo sijui, wala hakuna wa kukuambia. Huyu bado tunaye."

Falesi alilia sana. Alipomaliza, alizifukia mbovu zote shimoni. Hata kuku hakuwapa.

Tangu hapo alizianika vizuri, akazimenya kavu. Nene alizitia kwanza katika kopo la nyumbani. Za Tadala alizitwanga, maana mtoto mdogo hupaliwa na punje nzima. Alimwongezea na maharage na mboga.

"Nzuri zote umeficha!" mumewe, Yohane, alilalamika. "Mnunuzi tumpe nini?"

"Zitakazobaki, baba Tadala."

Yohane alimtazama mtoto, akamsogezea mkewe kopo.

Baada ya miezi minne, NaPhiri alimpima Tadala. Akampima tena, asiamini.

"Ameongezeka, dada. Ameongezeka kweli!"

Kisha akaona vidole vya Falesi, vimechubuka vyote.

"Pole. Vinauma?"

"Vinauma," Falesi alisema, akimbeba mwanawe. "Acha viume."