Mgeni wa Mashine Namba Tatu

Mashine namba tatu ya kufulia umeme ilikuwa imekufa miaka miwili, na hakuna mtu pale mgodini Ilangabushi asiyejua. Kwa hiyo Maige alipoiegemea ili afunge kamba ya kiatu, na bati la ubavuni likamuunguza kiganja, alifanya wanachofanya wanaume wengi wakikutana na jambo wasilolielewa. Alinyamaza, akaenda kuegemea mashine nyingine.

Siku tatu baadaye ndipo alipomwambia mkewe, Melania, tena kwa kunong'ona, kama mtu anayeungama.

"Mama Justina, ile namba tatu ina joto."

"Si mmeiwasha."

"Haina dizeli. Hata mkanda haina, tuliutoa tukaufunga namba moja."

"Basi mwambie mgeni wako. Yeye ndiye aliyesomea umeme."

"Si mgeni wangu," Maige akasema upesi. "Analala tu hapa."

Huyo aliyekuwa analala tu hapo aliitwa Athanas Odongkara, Mwacholi wa Uganda. Alikuwa na shahada ya uhandisi wa umeme, ameiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni asije akanyeshewa nayo. Alivuka mpaka mwaka 1972, baada ya askari kumfuata kaka yake kazini, kwenye bwawa la umeme, wakamchukua na kurudisha nyumbani viatu peke yake. Tangu hapo aliandika barua kwa kila mgodi na kila kituo cha umeme, kuanzia ziwani mpaka Shinyanga. Majibu yalikuja ya heshima sana. Elimu yako ni nzuri, ndugu, na watu kama wewe tunawahitaji, ila mgeni haajiriwi bila kibali. Akienda kuomba kibali anaambiwa hakitolewi mpaka mwajiri amdhamini. Mbwa anayefukuza mkia wake angalau huchoka akalala. Wenye utaratibu ule hawakuchoka.

Ilangabushi alipokelewa na meneja, Bwana Jilala, mtu mnene wa shingo na mwepesi wa ahadi. "Fanya kazi nikuone," alimwambia, "mwezi ujao nakuandikia." Mwezi ujao ukafika mara nane. Kwa miezi hiyo minane Odongkara alifufua mashine namba moja na namba mbili, pampu zikanyonya maji mashimoni, wachimbaji wakaacha kufa kama panya. Jilala hakuandika. Angeandika, ingebidi ampe nyumba na mshahara wa mhandisi. Asipoandika, mhandisi anakula ugali kwa Melania na kutengeneza kila kitu bure. Mtu wa kumlaumu Jilala kwa ujinga hayupo. Ujinga haukuwa tatizo lake.

Sasa Usukumani mgeni hatembei bila mwenyeji. Akitokea mtu asiyejulikana, kabla hajapewa hata maji, wazee wanauliza: mgeni wa nani? Anayejibu "wangu" amejifunga. Mgeni akiiba, ameiba yeye. Akivunja, atalipa yeye. Akifa, atamzika yeye. Na mgeni asiyejibiwa anatakiwa aondoke kabla jua halijasimama utosini. Wazee walisema desturi hiyo ni kwa ajili ya usalama wa ng'ombe. Hawakusema yote.

Afisa wa uhamiaji alikuja kwa lori siku ya Jumatano, mvua za vuli zikiwa bado. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na orodha tu. Wafanyakazi wakajipanga kwenye baraza ya ofisi, akawa anawaita mmoja mmoja mpaka akamfikia Odongkara.

"Na huyu?"

"Anasaidiasaidia," Jilala akasema.

"Nani anamdhamini?"

Jilala akaangalia dari.

"Anakaa kwa nani, basi? Huyu ni mgeni wa nani?"

Watu wote wakageuka kumtazama Maige. Maige akatazama viatu vyake. Miezi minane walikuwa wamekula sahani moja, na mgeni huyo alikuwa amemtengenezea redio, baiskeli na bawaba za mlango.

"Mimi namfahamu kazini tu," Maige akasema.

Afisa akafunga daftari. "Saa kumi naondoka. Bila barua ya mwajiri naondoka naye mpaka Mutukula, nimkabidhi mpakani." Hakuna aliyeuliza mpakani kuna nini. Habari ya viatu vya kaka yake Odongkara walishasimuliwa.

Ilikuwa saa sita kamili. Odongkara alikwenda nyumba ya mashine akasimama katikati ya sakafu yenye grisi. Namba moja na namba mbili zilikuwa zimezimwa zipoe. Hakupiga kelele wala hakulia. Alisema kama mtu anayeagiza chumvi: "Basi anayenitaka, aseme."

Nyuma yake, ndani ya mashine iliyokufa, kitu kikaanza kuzunguka, polepole.

Alipogeuka, juu ya kiti cha mwendesha mashine palikuwa na karatasi ya kampuni yenye mhuri, imepigwa chapa vizuri. *Nimempokea. Ni wangu. Hatafanya kazi kwingine.* Mahali pa sahihi palikuwa na alama ya dole gumba lililochovywa kwenye grisi. Alama hiyo ilikuwa pana mno, na haikuwa na mistari.

Alidhani ni Jilala, moyo umemlainika. Anayezama hakagui kamba.

Afisa aliigeuza barua ile, akainusa, akakunja uso. "Meneja, hii ni ya kwako?"

Jilala aliona jina lake halipo. Kwa hiyo hakuwa amejifunga kwa lolote. "Ni ya ofisi," akasema. Afisa akagonga mhuri wa kibali cha miaka miwili.

Jioni hiyo Melania alipika wali. Mgeni hakuugusa.

"Nimeshakula, Mama Justina."

"Wapi?"

"Kazini."

Pumzi yake ilinuka ngozi mbichi ya ng'ombe iliyochomwa kwa moto wa dizeli. Melania akainuka akafungua dirisha, akajiambia ni mafuta ya mashine. Kesho yake Odongkara alikaa kwenye kigoda uani, juani, saa saba mchana, wakati hata mijusi imejificha, na paji lake la uso lilikuwa kavu kama kigae. Alipopita karibu na redio isiyo na betri, redio ikakoroma. Kuku wakawa wanazunguka nyumba nzima ili wasipite mbele yake.

Namba tatu nayo ikawa inafanya kazi, bila dizeli na bila mkanda. Jilala alifurahi mno. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba amebuni mbinu ya kubana matumizi.

Jumapili ya pili Odongkara alivaa shati jeupe aende misa. Melania alimkuta kwenye geti la mgodi, amesimama, uso umeelekea barabarani na vidole vya miguu vimeelekea mgodini.

"Mama," akanong'ona, "nataka kwenda. Miguu inasema zamu yangu haijaisha."

"Zamu ya Jumapili ya nani?"

"Usiseme kwa sauti. Lililomo namba tatu linasikia kupitia nyaya." Akamwonyesha viganja. Vilikuwa laini kama yai. Mistari yote aliyozaliwa nayo ilikuwa imefutika, na chini ya ngozi, mahali ambapo damu ya mtu hupiga na kupumzika, hapakuwa na pigo wala pumziko. Palikuwa na mngurumo mmoja usiokatika, ule ule uliokuwa ukitoka nyumba ya mashine. Melania alipoushika mkono wake aliusikia, akauhisi ukimpanda mpaka kwenye kiwiko, mpaka kwenye meno, mpaka akasahau alikuwa akienda wapi, akatupa mkono ule kama aliyeshika kaa la moto.

Siku hiyo hiyo alibeba kuku akaenda kwa Bujiku, mganga aliyekaa njia ya Rwamgasa. Bujiku hupasua kifaranga na kusoma ndani yake, na alikuwa na ulimi mbaya kuliko kisu chake.

"Umechelewa," akasema kabla hata hajamkaribisha.

"Nimekuja na kuku, baba. Matusi ninayo nyumbani."

Bujiku akapasua, akainama kusoma. Kisha akafunika nyama ile kwa jani.

"Kile kilima kilikuwa na mwenyewe kabla ya mashine. Walijenga juu ya kichwa chake wasimuulize. Sasa huyo jini haibi, mayu, mama yangu. Anaokota kilichokataliwa. Mlimkataa mtu mbele ya watu, jua likiwa utosini, naye akamjibia."

"Anarudishwaje?"

"Aende mwenye mji aliyemlaza, saa ile ile, aseme ni wake. Aseme na malipo. Akisema nusu, ni heri angenyamaza."

Kumshawishi Maige kulichukua siku nne, na siku hizo zote mgeni hakurudi kulala.

"Nikisema ni wangu, akiharibu mashine nalipa mimi?"

"Unalipa."

"Nalipa kwa kitu gani, kwa wale ng'ombe wangu watatu?"

"Kwa ng'ombe watatu, Baba Justina, na nyumba, na hiyo baiskeli aliyokutengenezea."

"Yeye si ndugu yangu."

"Ndugu angehitaji kudhaminiwa?"

Alikubali pale tu Melania alipofunga nguo zake na kusema anarudi Ushirombo kwa kaka zake, alikoolewa binti yao Justina pia, na kwamba atawaeleza sababu. Maige hakuogopa jini kama alivyoogopa kusemwa.

Walikwenda Alhamisi, saa sita. Wafanyakazi walikuwa wamekwenda kula. Melania alibaki kizingitini, mguu mmoja nje, kwa kuwa maneno yalikuwa ya mwenye mji, Maige akaingia. Mle ndani palikuwa na mwanga wa mchana lakini haukufika sakafuni, ulikatikia hewani kama maji yanavyokatikia juu ya mafuta, na ile harufu ya ngozi inayoungua ilikuwa nzito kiasi kwamba Melania aliionja, na huko mwisho, mgongo wake ukiwa umebanwa kwenye ubavu wa namba tatu, alikuwa amesimama Odongkara, macho wazi, shati limeshikana na chuma, na kadiri Maige alivyomkaribia ndivyo ilivyoonekana kwamba pale mgongoni shati lilishaungua likaisha na kilichoshikana na chuma ni yeye mwenyewe.

"Umemfuata nani?" sauti ikauliza. Ilitoka kinywani mwa Odongkara, na midomo ya Odongkara haikutikisika.

Maige akamwelekezea kidole. "Huyu... huyu mgeni ni wangu."

"Akivunja?"

Maige akaitazama mashine. Melania, kutoka mlangoni, alimwona akiitazama kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama mtu mnadani, na akajua, kabla hajafungua mdomo, atasema nini.

"Kila mtu ataubeba mzigo wake," Maige akasema.

Mngurumo ukakatika. Ukimya ulioingia ulikuwa na uzito. Mabati ya paa yalibonyea kwa ndani, popo waliokuwa darini wakaanguka sakafuni wamekufa, na mwili wa Odongkara ukaanza kuzama ndani ya chuma, pole pole, kwanza mabega, kisha masikio, naye akilia kwa lugha ya mama yake, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayejua hakuna mtu nyumbani.

Melania akavuta ule mguu wa nje akauingiza ndani.

"Ni wangu mimi," akasema. "Nyumba aliyolala nimeikandika kwa mikono hii. Alichokula nimekipika. Akivunja nalipa. Akiiba, mwizi ni mimi. Akifa namzika kwetu, nikae matanga."

Kikasikika kitu kikichanika, kama turubai. Odongkara akaanguka kifudifudi, mgongo mwekundu mtupu, anahema. Kwenye chuma vilibaki vipande vya shati, na tabaka jembamba la kitu kingine. Melania akamshika makwapani akamburuta, hatua kwa hatua, mpaka visigino vyake vikavuka kizingiti.

Ndipo sauti ikaja tena. Sasa haikuwa na kinywa. Ilitoka kwenye chuma chenyewe, kwenye swichi, kwenye nyaya za darini.

"Na huyu mwingine, mgeni wa nani?"

Maige alikuwa amegeuka kukimbia, lakini grisi ya sakafuni ilikuwa imempanda mpaka magotini, na ilikuwa na joto.

"Mama Justina," akanong'ona. "Sema. Maneno yale yale. Mke wangu, sema."

Melania alimtazama. Alikuwa na pumzi ya kutosha na maneno yalikuwa mdomoni. Alimtazama mwanamume huyo aliyemzalia mtoto, akamwona tena barazani, kichwa chini, akisoma viatu vyake mbele ya umati.

"Huyo si mgeni," akasema. "Ana miaka kumi na minne hapa mgodini."

Mlango ukajifunga bila haraka, kama mlango wa ofisi.

Lori la pamba lilikuwa likipita kwenda Ushirombo. Dereva aliuona mgongo wa Odongkara, akamsaidia Melania kumlaza juu ya magunia. Walikuwa wamekwisha kulipita geti la mgodi ndipo Odongkara alipofumbua macho. Akageuza kiganja chake kwenye mwanga, akakitazama sana. Mistari ilikuwa ikirudi, myembamba kama nywele.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Kwa kaka zangu. Wakiuliza, nitajibu mimi."

Akageuza shingo kutazama nyuma. "Baba Justina yuko wapi?"

Melania akavua khanga ya juu akamfunika.

"Yuko kazini," akasema.

Nyuma yao, mchana kweupe, taa zote za Ilangabushi zikawaka kwa mpigo mmoja, mgodini, ofisini, njiani, nguzo hadi nguzo, na hazijawahi kung'aa vile.