Doti Iliyokwama Kwenye Foleni

Kwa kawaida, birika halikuwahi kuchemka kabla kichapanguo hakijatema doti nzima ya kanga: pindo, mji wa katikati na jina, yaani maneno yake, vyote kutoka kwenye nyuzi tupu na picha iliyotumwa na kompyuta. Tanga nzima ilivaa hivyo siku hizo. Lakini asubuhi Bi Mwanahawa alipotaka sare ishirini za arobaini ya mwanawe Saumu, aliyefia mgodini Mwezini akazikwa hukohuko, mtambo uligoma. Kioo kiliandika: Printa haipatikani.

"Haipatikani wapi, nami nimeiegemea?"

Fundi Shemndolwa akaingia na kikoba chake. "Umejaribu kuizima na kuiwasha, mama?"

"Nimeizima, nimeiwasha, nimeisomea na Ayatul Kursiy. Umebaki wewe."

Fundi akacheka, akaipekua kompyuta. "Hii programu ya Linux alikuwekea nani?"

"Saumu, kabla hajapanda chombo cha Mwezini."

"Aliiweka vizuri. Ila umechapa mara ya mwisho lini?"

"Shaabani. Ramadhani nikaufunika mtambo shuka, nao upumzike."

"Basi ndiyo hiyo. Ramadhani mtaa ulibadilishiwa ruta ya intaneti, printa ikapewa anwani mpya. Kompyuta bado inapiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa." Akaandika anwani mpya, akaifungua foleni ya kazi za kuchapwa. "Mama, kuna kazi mbele ya sare zako. Imetumwa mkesha wa Idi, kutoka Mwezini."

Bi Mwanahawa akakaa.

Kila Idi Saumu alimpa doti, wakaikata katikati, kila mmoja akajifunga kipande chake. Idi hii mama hakuona kitu. Saumu alipopiga simu, mama akaikata. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa; mama kanuna. Acha ajifunze, kwenda Mwezini si kumsahau mzazi. Siku ya nne alipiga mkubwa wa mgodi.

Mtambo ukanguruma. Doti ikatoka ya moto, rangi ya chungwa aipendayo mama, na jina la kanga: IDI IJAYO MAMA NAKUJA MWENYEWE.

"Nimemnunia mwanangu," akasema polepole, "kwa kosa la printa."

Akachukua mkasi, akautafuta mstari wa katikati. Mkono ukakataa.

"Mama... sare nizitume?"

"Zitume. Watu wanangoja."

Akajifunga doti nzima, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana, akiiburura chini kama mtoto aliyevaa nguo za mama yake.