Sentimita Moja kwa Mwezi

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Singa alifunga mlango wa chumba kwa komeo, akachukua rula ya shule na kioo kidogo cha mkononi, akajipima. Aliiweka rula juu ya sikio la kulia, akakodoa macho. Hakuna kitu. Akahamia kushoto. Hakuna kitu vilevile. Kwenye panja, pale ambapo wenzake walikuwa na nywele, yeye alikuwa na ngozi tupu inayong'aa, maduara mawili makubwa kama vifuniko vya soda.

"Singa! Chai inapoa!" mama yake aliita kutoka sebuleni, ambako cherehani ilikuwa imeshaanza kulia.

"Nakuja, mama!"

Alijifunga kitambaa kipana kichwani, akakivuta hadi karibu na nyusi, akatoka amenuna.

Singa halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na watoto wa mtaa wao kwa sababu ya nywele zake: nyingi, laini, zinazofika mgongoni. Hata walimu walilizoea. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ungemwuliza anajivunia nini, asingetaja hesabu wala mpira wa pete, ingawa vyote aliviweza. Angezirusha nywele begani tu, nawe ungekuwa umejibiwa.

Aliyezitunza nywele hizo alikuwa shangazi yake, msusi mwenye saluni ya viti viwili, mtaa wa pili. Shangazi alisifika kwa kukaza. Ukisukwa naye, misuko ilikaa mwezi na nusu bila kulegea. "Ukitaka uzuri sharti udhurike," aliwaambia wateja, nao wakacheka, wengine huku wakifuta machozi.

Kila alipomsuka Singa, alimwuliza mara moja: "Inauma, mwanangu?"

"Haiumi, shangazi. Kaza tu."

Uongo mtupu. Iliuma hadi akashindwa kulaza kichwa kwenye mto. Vipele vilimtoka kwenye mashina ya nywele, na akitaka kucheka ilimbidi acheke nusu, maana ngozi ya uso ilikuwa imewambwa kama ngoma. Lakini alitaka misuko iliyokazwa, iongezwe nywele za bandia, kisha ibanwe yote utosini kwa fundo moja zito.

Mwanzoni mwa muhula, shangazi alipoifumua, nywele zilibaki kwenye chanuo, mashungi kwa mashungi.

"Za zamani zinapisha mpya," shangazi alisema haraka haraka, akasuka tena. Mara ya pili alipofumua, panja zote mbili zilikuwa tupu.

Singa alificha. Alificha kwa kitambaa, kwa kofia ya sweta, kwa kuinamisha kichwa. Akafanikiwa hadi siku ya mechi ya mpira wa pete. Yeye ndiye aliyekuwa mfungaji. Aliporuka kudaka mpira, mlinzi wa shule pinzani naye aliruka, vidole vyake vikakosa mpira vikanasa kitambaa. Kitambaa kikaanguka. Uwanja ukanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme.

"Jamani!" msichana mmoja akapaza sauti. "Huyu ana kipara kama mwalimu mkuu wetu!"

Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Rafiki yake wa dawati moja, aliyeitwa Kipaza kwa ile sauti yake ya kuamsha mtaa, alisimama juu ya benchi akafoka: "Chekeni, chekeni! Magoli tisa mmefungwa na kipara hichohicho!" Lakini Singa hakuyasikia hayo. Alikuwa ameshatoka mbio, kitambaa mkononi, na kuanzia siku hiyo hakutaka tena kusikia habari za mpira.

Mama yake alipojua, hakupoteza muda. Aliacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja, akampeleka kwa daktari wa ngozi. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani minene. Alimkalisha Singa karibu na dirisha, akachunguza panja zake kwa lenzi.

"Unasukwa kwa kukazwa sana?"

Singa akatazama viatu vyake. "Kidogo."

"Ikiuma, unamwambia anayekusuka?"

Singa akakikunja na kukikunjua kitambaa mkononi.

"Sikiliza, binti. Mzizi wa nywele ukivutwa kila siku, unachoka. Ukizidi kuvutwa, unakufa, na ukifa hakuna dawa. Mizizi yako bado ina uhai, naviona vitundu vyake. Kuanzia leo hakuna kusuka, hakuna nywele za bandia, hakuna kubana. Upake dawa hii tu, basi."

"Zitarudi lini?"

"Mizizi lazima ipumzike kwanza. Miezi mitatu, minne, ndipo utaanza kuona kitu. Baada ya hapo, kama sentimita moja kwa mwezi."

Singa alikuwa mwepesi wa hesabu, na siku hiyo alitamani asingekuwa. Hadi mgongoni ni sentimita arobaini. "Miaka mitatu na zaidi!" alipiga kelele. "Nitakuwa nimeshamaliza shule!"

"Utaimaliza ukiwa na nywele," daktari alijibu, wala hakutabasamu.

Shangazi alipopelekewa habari alikuja juu. "Wifi, mimi nimesuka vichwa vya mtaa huu mzima! Leo mkono wangu umegeuka ugonjwa?" Mama hakubishana. Alimwomba tu asimguse mtoto kichwani. Wakaagana kila mtu na lake moyoni.

Wiki nne zikapita. Singa alipaka dawa, akajipima, akapaka, akajipima. Hakuna. Alisugua kitunguu, akapaka yai, hadi Kipaza akamwambia, "Shoga, leo unanukia kama jiko. Kesho ongeza chumvi." Singa hakucheka. Darasani alivikodolea macho visogo vya wenzake na misuko yao, roho ikamuuma. Kwa nini wao wawe nazo, yeye hana? Wengine hata hawachani vizuri!

Ndipo alipoikumbuka chupa ya kijani. Ilikuwa saluni kwa shangazi, haina hata karatasi ya jina. Mchuuzi mmoja aliiacha ili ijaribiwe. "Wiki mbili tu," alijisifu, "hata jiwe litaota nywele." Shangazi aliinusa, akakunja pua, akaisukuma nyuma ya rafu. Mchana mmoja Singa alitumwa huko kupeleka taulo ambazo mama yake alikuwa amezishona pindo. Shangazi alikuwa nje akianika nguo. Singa hakufikiri mara mbili. Chupa ikaingia ndani ya mkoba wa shule.

Ilikuwa inawasha kama pilipili. Ilipomwasha, aliuma meno. Kama inawasha, ndiyo inafanya kazi, alijiambia. Alipaka asubuhi na jioni, na dawa ya daktari akaisahau kabisa. Siku ya tano ngozi ilibadilika rangi, ya nane ikatoa majimaji, ya kumi mama yake akamvua kitambaa kwa nguvu, akapiga ukelele.

"Umepaka nini?"

"Dawa ya daktari, mama. Hiyo tu."

Kwa daktari alirudia jibu lilelile. Daktari alikunja uso, akaandika, akamwambia aache dawa ya kwanza, labda ngozi yake inaikataa. Akampa ya kutibu vidonda. Kisha akamwambia mama kwa sauti ya chini, ingawa Singa alisikia kila neno: "Vidonda hivi vikiacha makovu, hapo hapataota kitu tena. Na kama kuna mtu anamsuka au kumpaka kitu kingine, ni lazima nijue."

Mama alitoka pale kwa hatua ndefu, Singa akikimbia nyuma yake. Alipofika nyumbani alimtuma mtoto wa jirani akamwite shangazi.

Shangazi alifika na mabaki ya nywele bado yamemganda kwenye aproni. Hata kukaa hakukaribishwa.

"Wifi, nilikuomba," mama alianza, mkono umeshika mkasi wa kukatia vitambaa. "Nilikuomba usimguse. Kaja kwako juma lile, karudi, kichwa kimechubuka chote. Umemfanya nini?"

"Mimi?" Shangazi alipigwa na butwaa. "Aliacha taulo akaondoka! Hata maji ya kunywa sikumpa!"

"Basi vidonda vimeota vyenyewe kama uyoga?"

"Wifi, unaniita mwongo ndani ya nyumba ya kaka yangu?"

"Sikuiti kitu. Ila mlango huu, kuanzia leo, uutazame ukiwa nje."

Singa alisimama karibu na cherehani. Alimwona shangazi macho yamejaa machozi. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa shanga za misuko. Sasa anafukuzwa kwa kosa lisilo lake. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Lakini shangazi alikuwa ameshageuka, anatafuta kiatu chake mlangoni kwa mguu, hakioni kwa machozi.

"Ni mimi!" Singa alilipuka. "Niliiba chupa ya kijani saluni. Nimepaka mwenyewe. Nimewadanganya nyote, na daktari pia. Nimechoka kusubiri! Nimechoka kuchekwa! Mnasema subiri, subiri, nyinyi nywele zenu zipo!"

Akaangua kilio. Mama aliuweka mkasi chini polepole. Alitaka kufoka, ikaonekana usoni, kisha akakaa kwenye kiti chake kama mtu aliyetwikwa mzigo asijue autue wapi.

Shangazi ndiye aliyerudi. Alipiga magoti mbele ya Singa, akaifungua skafu yake mwenyewe, ambayo hakuwahi kuivua mbele ya watu, akaiweka mapajani.

"Nitazame."

Singa alitazama. Kuanzia paji la uso hadi nyuma ya masikio, shangazi hakuwa na nywele. Ngozi ilikuwa laini kama kiganja.

"Kinyozi hajinyoi," shangazi alisema, akijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Nilianza kusukwa hivyo nikiwa na umri wako. Ziliponianguka nikanyamaza. Nani angekaa kwenye kiti cha msusi asiye na nywele? Nimeficha miaka ishirini, na hapa sasa hapaoti kitu, hata nimwage maziwa. Wifi, ulisema kweli siku ile. Mkono wangu ndio uliomwumiza mtoto. Nilimwona anang'ata mdomo huku anasema haiumi, nami nikachagua kusikia maneno. Nisameheni."

Mama alinyanyuka, akamshika wifi yake mabegani. "Nami nimekusingizia," alisema. "Tusameheane."

Kesho yake walikwenda wote watatu kwa daktari, na chupa ya kijani ndani ya mfuko wa nailoni. Daktari aliinusa, akaifunika upesi. Alimkaripia Singa kwelikweli, bila kumwonea haya. Halafu akasema vidonda havijazama sana. Wamewahi. Ile dawa ya kwanza haikuwa na kosa, angeirudia ngozi ikipona.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Nywele ndefu za nyuma zilikuwa zimekatika ovyo, na daktari alishauri zipunguzwe ili zikue pamoja na hizo changa. Shangazi alifunga mlango wa saluni mchana kweupe, akashika mkasi. Singa alilia kwa hasira tangu shungi la kwanza hadi la mwisho. Shangazi hakumnyamazisha. Alipomaliza alimpa kioo, Singa akakisukuma mbali.

Usidhani basi mambo yakawa mepesi. Mwezi wa kwanza vidonda vilikauka, nywele hakuna. Wa pili hakuna. Wa tatu alilitupa dumu la maji chini kwa hasira, akaambiwa alijaze tena. Mwezi wa nne Kipaza alimsogelea dawatini, akakodoa macho, akasahau kabisa kwamba mwalimu yuko ubaoni.

"Zimeota!"

Vilikuwa vinyweleo vyepesi kama vya mtoto mchanga, na upande wa kulia peke yake. Darasa zima lilipata habari, na ofisi ya mwalimu mkuu pia, kwa sauti ile. Kushoto palisubiri hadi mwezi wa sita. Nywele changa ziliota kwa kupishana, hazilali, hazisimami, kama nyasi zilizoliwa na mbuzi wavivu. Lakini Singa alirudi uwanjani bila kitambaa. Mtu mmoja alicheka. Singa akafunga magoli, mtu huyo akanyamaza.

Saluni nayo ilibadilika. Shangazi alilegeza mkono. Wateja wachache walihama, wakisema misuko yake sasa haidumu. Akawaacha waende.

Mwezi wa tisa alimsindikiza Singa kwa daktari, kichwa wazi, bila skafu. Daktari alipima: upana wa vidole vitatu kulia, kushoto viwili. "Pale nyuma ya panja ya kushoto huenda pakabaki pepesi," alisema. "Kwingine kote kumepona. Hongera."

Njiani Singa alitembea akipiga mateke vijiwe. "Vidole vitatu, shangazi! Miezi tisa! Kipaza anasema nafanana na kaka yake."

Shangazi alicheka, kisha akasimama, akamshika mkono.

"Nikuambie, mwanangu. Daktari ana dawa, mama yako ana macho, mimi nina chanuo. Ila maumivu yako unayajua wewe tu. Usipoyasema, sote tunapapasa gizani, na ukisema haiumi tunazidi kukaza. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi kilinifichua nimeshachelewa. Wewe ulisema kweli mapema, ndiyo maana leo tunapima kwa vidole. Yaliyobaki ni subira, basi."

Singa akapiga teke kijiwe kingine. "Shangazi, hata subira inauma."

"Enhe!" shangazi akasema, akimpapasa kile kichwa chake cha nywele fupi. "Hilo nalo umelisema. Endelea kusema hivyohivyo."

Wakavuka barabara, Singa bado amenuna, lakini mkono wa shangazi hakuuachia.