Chekeche la Mjomba

Kila akitoka shule, Sisimizi alivua sare, akavaa gauni kuukuu na kwenda kwenye karakana ya mjomba wake. Walimpa jina hilo kwa sababu hakujua kukaa bure. Mama yake alikuwa fundi wa kung'arisha vioo pale. Alikoroga unga wa rangi ya waridi kwa maji mpaka ukawa kama uji, akaupaka kwenye kioo chenye mikwaruzo, kisha akakisugua kwa mashine.

Unga huo ulitokana na seriamu, mojawapo ya madini adimu, na ulikuwa ghali. Mjomba hakutaka umwagwe. Uji uliotumika ulianikwa kwenye sinia hadi ukakauka, na kazi ya Sisimizi ilikuwa kuuponda na kuuchekecha ili utumike tena. Vumbi lilimpaka mpaka kope.

"Bibi harusi wangu huyo," mjomba alimtania. "Wenzako wananunua poda, wewe unaipata bure."

"Inaniwasha kooni, mjomba."

"Kunywa maji, mama. Ni mawe yaliyosagwa tu, hayana neno."

Sisimizi alicheka, akaendelea kuchekecha. Mjomba ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake bila kuachia kiti.

Kikohozi cha mama kilianza kidogokidogo. Ikafika siku hakuweza kupanda ngazi za nyumbani bila kusimama katikati na kujifanya anatafuta ufunguo.

Jioni moja binti wa mjomba, aliyeitwa Malkia kwa maringo yake, alimletea baba yake simu aliyoisahau. Akaliona chekeche. "Hebu nijaribu na mimi."

Mjomba alitoka ofisini mbio, akamvuta mkono. "Toka humo. Sikukukataza? Vumbi hilo linakula mapafu."

Mashine ya mama ikawa inazunguka bila kioo.

"Mjomba," Sisimizi aliuliza, chekeche bado mikononi, "mbona mimi hukunivuta?"

Mjomba aliangalia sakafu. "Wewe umeshazoea."

Mama alizima mashine. "Kumbe ulijua, kaka?"

"Muuzaji alinionya. Lakini kazi ingesimama, dada."

"Mimi basi, mtu mzima. Na mtoto?"

Mama akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Hospitalini walipigwa picha za kifua. Kifua cha Sisimizi kilikuwa safi. Mapafu ya mama yalikuwa na makovu ya vumbi. Daktari alisema hayatafutika, ila mama akikaa mbali na vumbi, huenda yasiongezeke.

Daktari akawaarifu wakaguzi wa afya kazini, nao wakaja. Masinia yakaondolewa, mafundi wakapewa barakoa za kuzuia vumbi, watoto wakapigwa marufuku. Mama alihamia kupokea wateja, mbali na mashine.

Mjomba alikuja nyumbani na mfuko wa matunda. "Umenisamehe, mama?" alimuuliza Sisimizi.

"Bado, mjomba," alijibu, akampa kiti.

Mjomba alipoondoka, mama alimenya chungwa, akampa binti yake nusu. "Kumpenda mtu hakukuzuii kumuuliza," alisema. "Kitu kikikuwasha kooni, kiache, uulize ni nini, na usikubali jibu la mzaha. Hata likitoka kwa mjomba. Hata likitoka kwangu, maana nilikuwa pale, nikakusikia ukisema inakuwasha, nikaendelea kusugua vioo."