Neno Alilobahatisha Nangila

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nangila alimtoa punda wao zizini, akamfunga mitungi mgongoni na kushuka naye hadi kwenye tangi la maji. Saa hizo mvuke wa visima vya umeme vya Olkaria ulikuwa umetanda juu ya vilima kama moshi wa jiko kubwa. Ulikuja na harufu ya mayai viza. Wageni waliziba pua. Wenyeji hawakujali, kwa maana pua huzoea.

Lakini tangu kampuni moja ilipoanza kuchimba kisima kipya nyuma ya korongo, mambo yalibadilika. Harufu ilizidi. Siku moja Mzee Ndegwa, mfugaji wa mbuzi, alipanda kutoka korongoni akiwa ameshika hua wawili waliokufa. Hawakuwa na jeraha lolote.

"Nimewakuta chini kabisa, karibu na maji," alimwambia Kukhu, nyanyake Nangila, ambaye kijiji kilimwita Mama Sitati. "Wamelala tu, kama waliochoka."

Kukhu aliwapokea wale ndege, akawageuza mkononi. Jioni hiyo alimkataza Levis, mdogo wake Nangila, kwenda kucheza korongoni.

Haukupita muda kampuni ikasimamisha king'ora juu ya mlingoti mrefu katikati ya kijiji. Jumamosi watu wote waliitwa kwenye uwanja wa kanisa, mlimani, ili waelezwe matumizi yake. Injinia wa kampuni, mgeni kutoka ng'ambo, alifika mapema. Mkalimani wake hakufika. Gari lake lilikuwa limepata pancha njiani kutoka Nakuru.

Watu walingoja, jua likawachoma, wakaanza kunung'unika. Ndipo Bwana Kinyanjui, mzee wa kijiji, aliposimama.

"Yuko wapi mjukuu wa Mama Sitati? Si ndiye huwa wa kwanza kwa Kiingereza huko shuleni? Nangila, hebu njoo utusaidie."

Nangila alisimama. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuzungumza mbele ya wazazi wote wa kijiji. Alipita katikati ya viti akaenda kusimama kando ya injinia.

Mwanzo ulikuwa mwema. Injinia alisema polepole, naye Nangila akatafsiri. Alieleza kwamba kuna gesi mbaya inayotoka ardhini pamoja na mvuke. Alieleza kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutafuta mahali pa chini na kutuama huko.

"Anasema mwanzoni utasikia harufu ya mayai viza," Nangila alisema. "Lakini gesi ikizidi, inaua pua kwanza. Utadhani harufu imeisha, kumbe ndiyo iko nyingi zaidi."

Watu walitazamana. Kukhu, aliyekuwa ameketi safu ya mbele, alinyoosha mgongo kwa fahari.

Kisha injinia akabonyeza kitufe. King'ora kililia kwa sauti iliyopasua anga, watoto wakaziba masikio, mbwa wakabweka. Alipoachilia kitufe, kimya kikarudi. Akanyoosha kidole kuelekea mlingotini, akasema, "When it goes off, leave everything and come up here. Don't wait."

Nangila alisita. *Goes off.* Alilijua hilo neno *off*. Nani asiyelijua? Stima ikipotea, kijiji kizima husema imeenda *off*. Tena king'ora kilikuwa kimezima muda huo huo.

"Anasema king'ora kikizima, mwache kila kitu mpande hapa kanisani. Msingoje."

Mzee Ndegwa aliinua fimbo yake. "Binti, mbona sasa kimezima na sisi tumekaa? Na kikiwa kinalia, tufanye nini?"

Swali lilikuwa la haki. Nangila alimgeukia injinia, naye alikuwa ameinama akikunja nyaya. Angemuuliza tu. Lakini macho ya watu wote yalikuwa juu yake, na pale nyuma wanafunzi wenzake walikuwa wakinong'onezana. Aliogopa kuonekana kwamba hajui.

"Kikilia, ni mitambo inajipima," alijibu kwa sauti thabiti. "Mtulie, muendelee na kazi zenu. Kikinyamaza ghafla baada ya kulia, hapo ndipo mpande."

Injinia alisikia sauti yake isiyo na wasiwasi, akatabasamu na kutikisa kichwa kukubali, ingawa Kiswahili alichokijua ni "asante" tu. Watu walipoona amekubali, wakaridhika. Walipiga makofi. Nangila alirudi kuketi bila kumtazama Mzee Ndegwa.

Jumatano iliyofuata, Madam Jerotich aliingia darasani kufundisha Kiingereza. Aliandika neno moja tu ubaoni: *off*.

"Herufi tatu," alisema, "lakini linawachezea watu wengi. Nani atanipa mfano?"

Mikono iliinuka. Mmoja alisema *switch off*, yaani kuzima. Sue, aliyeketi dawati moja na Nangila, alisema babake yuko *off* leo, haendi kazini. Mwalimu akaongeza kwamba ndege ikipaa hu-*take off*, maziwa yakiharibika yame-*go off*, na kwamba kibao cha *keep off* kinakuonya usikanyage mahali.

"Sasa sikilizeni huu. *My alarm goes off at five every morning.* Saa yangu hufanya nini saa kumi na moja?"

"Huzima, Madam!" Kiplangat alijibu kwa kelele.

"Ikizima, itamwamsha nani?"

Darasa lote likaangua kicheko. Nangila hakucheka. Alilitazama tena lile neno ubaoni.

"Hulia," mwalimu alisema. "Taa iki-*go off* imezima. Bomu liki-*go off* limelipuka. Saa au king'ora kiki-*go off*, kimelia. Neno ni lile lile, lakini lazima uangalie limekaa na nani. Ukilibeba peke yake, litakudanganya."

Kengele ilipopigwa, Madam Jerotich alimwita kando. "Nangila, umekuwa kimya sana. Una nini?"

"Hakuna, Madam."

Alitembea hadi nyumbani akijiambia kwamba angewaeleza watu jioni hiyo hiyo. Alimkuta Kukhu ameketi nje na majirani wawili, wanachambua mboga.

"Huyo amekuja, profesa wetu!" jirani mmoja alisema. "Bila yeye tungerudi nyumbani kama tulivyokwenda."

"Akili amechukua za babu yake," Kukhu alisema, akamshika mkono kwa upole.

Nangila aliinama, akaanza kuchambua mboga nao. Akisema sasa, wale wanawake wangemtazamaje? Aliahidi moyoni kwamba angemwambia Bwana Kinyanjui Jumapili, baada ya ibada, wakiwa wawili tu. Usiku huo upepo ulipogonga mabati, aliketi kitandani akitega sikio. Alhamisi ikapita vivyo hivyo. Kila alipouona ule mlingoti aliinamisha macho.

Lakini gesi haimngoji mtu hadi Jumapili.

Ijumaa mchana upepo ulikatika kabisa. Majani ya vichaka vya mileleshwa yalisimama tuli. Nangila alipokuwa akitoka shuleni kwa njia ya juu, aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mvuke haukupanda. Ulikuwa umelala chini, mweupe, ukiteleza taratibu kuelekea korongoni.

King'ora kikalia.

Alisimama kama aliyegandishwa. Kule chini kijijini, mwanamke aliyekuwa akianika nguo aliinua kichwa, akasikiliza, kisha akaendelea kuanika. Wanaume wawili waliokuwa wakicheza drafti hawakuinuka. Hakuna aliyekimbia. Wote walikuwa wametulia, kama alivyowaambia.

Nangila alitupa mkoba wake, akateremka mbio. Alimkuta Levis mlangoni mwa nyumba yao.

"Kukhu yuko wapi?"

"Ameenda kuokota kuni korongoni. Alisema sasa king'ora kitatuonya. Mzee Ndegwa pia ameshuka na mbuzi."

"Panda kanisani! Kimbia, usisimame popote!"

Levis alipoona uso wa dada yake, hakuuliza. Alikimbia.

Mbele ya duka lake, Bwana Kinyanjui aliinua mkono kumzuia Nangila. "Taratibu, mtoto! Unakimbilia nini? Si wewe mwenyewe ulituambia ni mitambo inajipima?"

Nangila alisikia damu ikimpanda usoni. Watu walikuwa wengi pale. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo neno halikukwama.

"Nilidanganya! Sikuelewa alichosema, nikabahatisha! Kikilia ndio hatari! Gesi iko korongoni, na Kukhu na Mzee Ndegwa wako huko!"

Mwanamke mmoja pale dukani alimnyanyua mtoto wake. Kisha Bwana Kinyanjui akageuka na kupaza sauti ambayo Nangila hakujua anayo. "Watu wote mlimani! Acheni kila kitu! Bebeni watoto!" Akampigia simu mlinzi wa kampuni huku akimfuata Nangila, ambaye tayari alikuwa ameshika njia ya korongo. Alimfikia ukingoni, akamkamata mkono kwa nguvu.

"Usishuke! Ukishuka tutawatafuta watatu. Ita kutoka hapa!"

"Kukhu!" Nangila aliita. "Kukhuuu!"

Sauti ya nyanyake ilijibu kutoka chini, tulivu kabisa. "Mbona unapiga kelele hivyo? Niko hapa. Hata ile harufu leo imeisha."

Nywele zilimsimama Nangila. "Haijaisha, Kukhu! Imeua pua yako! Tupa kuni upande! Nilikosea, kikilia ndio hatari! Panda sasa hivi!"

Walisikia mzigo wa kuni ukianguka. Kukhu alitokea kati ya mawe, akipanda kwa mikono na magoti, macho yakimtiririka machozi. Alipokaribia, Bwana Kinyanjui alimvuta juu. Kukhu alikohoa hadi akashindwa kusimama.

"Ndegwa," alisema kwa shida. "Ndegwa yuko chini zaidi. Hataki kuwaacha mbuzi wake."

Walimwona. Alikuwa akimvuta beberu kwa pembe. Nyuma yake mbuzi mmoja alipiga magoti, akalala ubavu. Kisha mwingine. Mzee aliwatazama, akaelewa. Alimwacha beberu na kuanza kupanda akiyumba kama mlevi. Aliinua mkono kana kwamba anataka kusema jambo, akaanguka kifudifudi.

Nangila alipiga yowe. Bwana Kinyanjui alimshikilia asiruke. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja kule kulikuwa kuchungu kuliko lolote alilowahi kulijua. Mwishowe gari la kampuni lilifika kwa kasi, wanaume wawili waliovaa vinyago vya hewa wakashuka korongoni, wakampandisha Mzee Ndegwa wakiwa wamembeba. Alikuwa akipumua kidogo kidogo. Walimkimbiza hospitalini Naivasha.

Kanisani, Bwana Kinyanjui aliwahesabu watu wake. Ila Mzee Ndegwa, wote walikuwepo. Nangila alisimama mbele yao, pale pale aliposimama Jumamosi, akaeleza yote bila kujitetea: neno alilolikisia, swali alilolijibu kwa uongo, na siku mbili alizojua ukweli akanyamaza. Hakuna aliyempigia makofi. Mamake, aliyekuwa ametoka mbio kwenye shamba la maua alikofanya kazi alipopata habari, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaja kusimama kando yake.

Injinia alikuja baadaye, safari hii na mkalimani. Alipoelezwa, uso ulimbadilika rangi.

"Kosa si la mtoto peke yake," alisema kupitia kwa mkalimani. "Nilitikisa kichwa kukubali maneno nisiyoyaelewa. Sikupaswa kumtwika mtoto kazi hii." Siku hiyo hiyo mafundi walipaka maandishi makubwa kwenye ukuta wa duka la Bwana Kinyanjui: KING'ORA KIKILIA, PANDA KANISANI. Kampuni ilikifunga kile kisima hadi kirekebishwe, ikaahidi kumlipa Mzee Ndegwa mbuzi wake.

Jumapili Nangila na Kukhu walikwenda hospitalini. Mzee Ndegwa alikuwa ameketi kitandani, dhaifu lakini macho yake ni maangavu. Nangila alipiga magoti kando ya kitanda, akamwita babu kwa lugha ya mzee mwenyewe.

"Nisamehe, Guka. Mbuzi wako wamekufa kwa sababu yangu. Nawe nusura ufe."

Mzee alijiweka sawa juu ya mto. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo.

"Mbuzi wale niliwapenda, siwezi kukuficha. Lakini nimesikia ulivyokimbia ukipiga kelele kwamba umedanganya, mbele ya watu waliokusifu. Jambo hilo wazee wengi hawaliwezi." Alivuta pumzi. "Nikuambie kitu, mjukuu wangu. Wewe ulidhani tulikuheshimu kwa sababu unajua kila kitu. Hapana. Sisi tulijua wewe ni mtoto. Ungesema, 'Guka, hilo sijalielewa, ngoja nimuulize,' tungengoja. Tulikuwa na muda wote duniani siku ile. Kutojua hakujamuua mtu bado. Kinachoua ni kujifanya unajua, halafu ukikosea unaona haya kurudi."

"Nimeelewa," Nangila alisema.

"Una hakika?" mzee aliuliza akimtazama usoni.

Nangila alifikiri kwanza. "Sehemu ya mwisho, Guka. Hebu irudie tena."

Mzee Ndegwa alicheka hadi akakohoa, Kukhu akamnywesha maji. Kisha mzee akairudia pole pole, neno kwa neno, naye Nangila akasikiliza.